Mkulima wa Boma Hili ni Nani?

Kila asubuhi kabla ya saa moja, Phyllis hufunga kikapu mgongoni na kuingia kwenye chai. Huchuma majani mawili na chipukizi, hutupa nyuma, huchuma tena. Siku moja kikapu kilikuwa hakijafika nusu. Pikipiki ilipita njiani ikiwa imebeba magunia mawili ya mbolea. Ikaingia kwa jirani yake, Nelvine.

Mikono ya Phyllis ikasimama. Mvua ya Machi ilikuwa imeanza, na yeye alikuwa amepanda mahindi kwa samadi kidogo tu.

"Mama Vinny!" alimwita Nelvine juu ya ua. "Hiyo umeletewa na nani?"

"Ni ile ya serikali, ya bei nafuu. Nilipata ujumbe kwa simu."

"Simu ya bwanako?"

"Yangu," Nelvine akajibu akicheka.

Jibu hilo lilimchoma Phyllis. Mchana, wanawake walikuwa kwenye kituo cha kununua chai wakingoja lori. Phyllis akamwambia mwenzake, kwa sauti ya kusikika, "Siku hizi ukijuana na naibu wa chifu, mbolea inakufuata mpaka nyumbani!"

Wengine wakacheka. Nelvine alikuwa nyuma yao. Alichukua kikapu chake akaondoka.

Mwezi na nusu ukapita. Kila asubuhi macho ya Phyllis yalivuka ua. Mahindi ya Nelvine yalifika kiunoni. Yake yalikuwa mafupi, majani ya njano. Watoto wake watatu walitegemea mahindi hayo.

Siku moja Eucabeth, ofisa wa kilimo wa wadi, alifika kituoni. Phyllis akamvuta kando.

"Madam, mbona wengine wanapata mbolea na sisi tunaachwa?"

"Umeandikishwa kama mkulima?"

"Waandikishaji walikuja nyumbani Januari. Niliwaambia mwenyewe hayuko."

"Mwenyewe nani?"

"Gibson, bwanangu. Ni mlinzi huko Nakuru."

Eucabeth alimshika mkono. Vidole vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa chai. "Na hivi vidole ni vya Gibson?"

Phyllis akaona haya.

"Sikiliza, mama. Hawakuja kuuliza hati ya shamba ina jina la nani. Walikuja kuuliza nani analima. Mwanamke ana haki ya kuandikwa sawa na mwanamume. Lakini serikali inapanga kwa kufuata orodha. Mbolea inafuata orodha. Hata mafunzo, tunaita walio kwenye orodha. Nyinyi mkisema mwenyewe hayuko, orodha inajaa wanaume, na mipango inafanywa kana kwamba nyinyi hamlimi."

"Gibson atasema nimemnyang'anya shamba."

"Kujiandikisha hakubadilishi hati. Mpigie simu."

Phyllis alipiga palepale, akamweleza. Gibson alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mimi hata sijui mwaka huu ulipanda mbegu gani. Enda uandikwe."

Kesho yake Phyllis alienda kwa naibu wa chifu, ambako wakulima huandikishwa. Alitoa kitambulisho na namba yake ya simu. Aliulizwa analima nini na shamba ni kubwa kiasi gani. Hakuna aliyemuuliza anajuana na nani. Alitoka akiwa na aibu zaidi kuliko furaha.

Baada ya wiki mbili ujumbe ukaingia. Alinunua mbolea ya kukuzia, akaitia yeye mwenyewe, shina kwa shina. Kufikia Juni mahindi yake yalikuwa ya kijani.

Lakini Nelvine bado alipita njia nyingine kwenda kituoni. Jumapili baada ya kanisa, Phyllis alimfuata mpaka langoni.

"Unatafuta naibu wa chifu?" Nelvine akauliza. "Hapa kwangu hayuko."

"Nakutafuta wewe." Phyllis alishika mti wa lango. "Mama Vinny, yale niliyosema yalikuwa uongo, na nilijua ni uongo. Nilikuonea wivu. Na haikuwa hata kwa sababu ya mbolea. Nilitamani kuitwa mkulima kama wewe, na sikujua kwamba naruhusiwa."