Mayai ya Mama Kuku

Sokoni, jua likianza kulegea, wauzaji hawapangi tena, wanatupa. Nyanya zilizopasuka, vitunguu vilivyolainika, kabichi zilizogeuka kahawia, vyote husukumwa kwa mguu hadi kwenye lundo moja kando ya mfereji. Hapo ndipo alipokuwa ameinama dada mmoja mwenye blauzi nyeupe iliyopigwa pasi, sketi ya buluu na viatu vya kisigino. Mavazi ya ofisini kabisa. Ofisi yenyewe ilifungwa tangu mwanzo wa mwaka, ila blauzi haikuwa na habari.

Alikuwa akibana pumzi. Mkono wake ulikuwa umezama kwenye nyanya mpaka kiwiko, anatafuta zile zilizooza upande mmoja tu, pale mkono wa mwanamume ulipoingia kwenye lundo hilo hilo ukagusana na wake.

"Samahani, dada. Bisibisi yangu imeviringikia humo."

Akainua uso. Kijana mrefu, ovaroli ya kijivu, mkanda wa vifaa kiunoni. Fundi wa majokofu. Nyuma yake friza la muuza samaki lilikuwa limefunguliwa matumbo. Macho yake yalitoka kwenye nyanya yakapanda mpaka kwenye blauzi.

"Za kuku," akasema dada kabla hajaulizwa. "Nafuga kuku nyumbani."

"Kuku wa bahati hao! Mama yao anakuja kuwasakia chakula na viatu vya kisigino."

Dada alicheka, na kile kicheko ndicho kilichomponza. Fundi aliondoka na bisibisi yake na namba ya simu ya dada.

Tangu siku hiyo simu ikawa hailali.

"Mama Kuku wangu, umekula?"

"Nimekula, Fundi. Tena nimeshiba mpaka nashindwa kuinuka."

"Umekula nini, nami nimezee mate?"

"Siri ya jikoni."

Siri ya jikoni ilikuwa chai isiyo na sukari na mkate wa jana. Kila Jumatatu alitoa fungu dogo kwenye mafao yake ya mwisho, na fungu hilo ndilo lililopaswa kumfikisha Jumatatu nyingine: mkate, chumvi, mafuta ya taa, sabuni ya kufulia ile blauzi. Halikufika hata siku moja. Kuanzia Ijumaa alikuwa akiishi kwa lile lundo la sokoni, na alilichukia kama mtu anavyomchukia ndugu yake mlevi.

Siku ya kwanza ya miadi yao, Fundi alimsubiri kwenye kona ya mtaa, amechomekea shati la maua, ameshika ndoo yenye mfuniko.

"Wenzangu huleta maua," akasema kwa fahari. "Mimi nimewakumbuka wanao. Nimetengeneza friji la kantini, nikaomba makombo. Fungua uone!"

Akafungua. Uvundo ukampiga usoni. Wali uliochacha, mifupa iliyokwisha kugugunwa na mtu mwingine, mkate uliolowa mchuzi, vyote vikiogelea kwenye maji yenye utando.

"Jamani, Fundi," akasema, machozi yakimlenga. "Umejisumbua."

"Usilie, mpenzi. Ni makombo tu."

Chumbani alifunga mlango, akakaa sakafuni akiitazama ndoo, nayo kama inamtazama. Hata fungu la wiki lilikuwa limekwisha. Akaanza kuokota vipande vya mkate kwa ncha za vidole, akavisuuza mara kadhaa, akavikausha juu ya jiko, akavila amefumba macho. Mkate ulikuwa na ladha ya mdomo wa mtu asiyemjua. Alijionea kinyaa, na kesho yake akafungua mfuniko tena.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini mapenzi huirefusha. Siku moja Fundi alimtania:

"Kuku gani hawa, wanakula tu hawatagi? Au nawe unaninyima?"

"Nani akunyime wewe? Jumamosi utapata."

Jumatatu alitenga nusu ya fungu lake, Jumamosi akaenda nayo dukani, akanunua mayai. Yalikuwa safi mno, yanameremeta kama yametoka kiwandani. Ikambidi ayapake tope na kinyesi kikavu alichokichukua kwenye banda la jirani, kisha akabandika na unyoya. Alifanya hivyo huku akitapika hewa tumbo tupu, kwa sababu alimpenda. Fundi aliyapokea kwa mikono miwili kana kwamba amekabidhiwa mtoto mchanga.

Ikawa ndiyo desturi yao. Ndoo inakuja, mayai yanakwenda. Dada akakonda, sketi ikawa inashikwa na pini. Alipoombwa waende wakawaone hao kuku, alijibu kwamba mama mwenye nyumba ni mkali, hapendi wageni wa kiume.

Jumapili moja asubuhi, mlango ulikuwa wazi ili harufu itoke. Alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni, ndoo ubavuni, kinywa kimejaa mkate uliolowa.

"Hodi, Mama Kuku! Leo nimekuja na mkwe!"

Fundi, aliyeelekezwa na majirani, alikuwa amesimama mlangoni, shati limepigwa pasi, jogoo mwekundu kwapani. Akatazama pembe moja ya chumba, kisha nyingine. Akageuka akatazama uani, pasipokuwa na hata unyoya. Akatazama ndoo. Mwisho akatazama kile kinywa kilichojaa, kisichoweza kumeza wala kutema.

"Unakula... hiyo?"

Jogoo akamponyoka. Fundi akaziba mdomo kwa kiganja, akatoka mbio, na pale kwenye mfereji akatapika mpaka sauti ikakauka. Dada alisikia yote. Akafunga mlango, akasukuma komeo, akalia kwa aibu mpaka kifua kikamuuma. Jogoo, ambaye alibaki ndani, alikwenda kwenye ndoo akaanza kudonoa. Ndiye kuku wa kwanza kuigusa.

Simu iliita siku ile, ikaita kesho yake na keshokutwa. Hakupokea. Mwisho alipokea ili amtukane, wamalizane.

"Usikate, tafadhali," Fundi akasema.

"Ulitapika."

"Nilitapika, ndiyo."

"Kwa hiyo unanionea kinyaa. Sema tu."

"Wewe? Nilijionea kinyaa mwenyewe! Unajua mle ndooni nilikuwa natia nini? Ile trei ya maji nyuma ya friji, yenye ukoga na mende waliokufa, nilikuwa naimwagia humo humo. Mpishi akiniuliza, namwambia, acha tu, kuku hawachagui."

Dada alishika ukuta.

"Nyamaza! Nyamaza, Fundi, nitakufa!"

"Na mayai ulikuwa unayatoa wapi?"

"Dukani."

"Kwa hela gani, nawe unakula makombo?"

"Ya kula. Angalau wewe ulishiba?"

"Sikuyala," Fundi akasema taratibu. "Shangazi ana kuku anayeatamia, nikamwekea yote. Nilitaka nikija kukuposa nije na vifaranga vya kuku wako mwenyewe."

"Ehe?"

"Yakawa viza. Moja lilimpasukia shangazi usoni, nyumba nzima haikulalika. Akaniambia, 'Huyo mchumba wako hana jogoo.' Ndiyo nikaleta jogoo."

"Nimelala njaa kwa ajili ya mayai yale," dada akasema kwa hasira. "Nimeyapaka mavi kwa mkono wangu huu. Nawe ukayaozesha!"

"Nimekosa. Lakini nawe ungeniambia! Shangazi anasema mficha uchi hazai."

"Mwambie shangazi yako akanawe uso."

Hapo wakacheka wote wawili, kicheko kibaya cha watu wenye kichefuchefu.

Jioni Fundi alikuja mikono mitupu. Akaketi sakafuni, akaomba alishwe kile anachokula mwenyeji wake. Dada akamkatia nyanya za lundo, akitupa palipooza, akampa na mkate. Fundi akatafuna kipande, uso ukakunjamana, akameza kwa nguvu.

"Mbaya," akasema. "Mbaya sana."

Dada akamshika mkono. Miezi yote ile hakuna mtu aliyewahi kulisema neno hilo mbele yake, hata yeye mwenyewe.

"Nataka kukuoa, Mama Kuku."

"Sina kazi, Fundi. Na kuku sina."

"Jogoo unaye. Tumtafutie mitetea, tuanze kufuga kweli?"

Walimtazama jogoo. Alikuwa amesimama juu ya kile kiatu cha kisigino, na wakati huo huo akakinyea, kinyesi chenye maji maji, mpaka ndani, pa kutilia vidole.

"Kisu kipo juu ya dirisha," dada akasema. "Chinja kwanza. Hilo swali niulize nikiwa nimeshiba."

Fundi hakuweza kusubiri mpaka dada ashibe. Alimuuliza katikati ya paja la pili la yule jogoo, naye akaitikia kwa kichwa, maana kinywa kilikuwa kimejaa.