Mfagiaji wa Fenmeeru

Alfajiri Fazna alichukua fagio lake la chelewa, akafungua mlango, akakuta uwanja umeshafagiwa.

Tena umefagiwa kuliko anavyofagia yeye, na hapo ndipo penye neno, maana kisiwa kizima hakuna mwanamke aliyewahi kumshinda Fazna kwa fagio. Wenyewe wanajua. Anayebisha ana wivu. Mchanga ulikuwa na mistari myembamba, imenyooka toka mlangoni mpaka chini ya mshelisheli. Jani hakuna. Unyayo wa mfagiaji hakuna. Palinuka mwani, ule uliooza juani, wakati nyumba yao iko katikati ya kisiwa, mbali na pwani zote.

"Wifi, leo umeamka lini?" Fazna aliita.

Shimla, dada wa mumewe, alitoka na nywele zimesimama kama amepigana na mto usiku kucha. "Nifagie mimi? Mimi hata kitanda changu nakitandika siku ya Idi. Umefagia mwenyewe ukasahau, uzee huo."

Wajuaji watasema ni upepo. Haya, watuonyeshe upepo unaochora mistari.

Jana yake walikuwa wamekwenda Fenmeeru. Hicho ni kisiwa kisicho na mtu, wenyeji wake walihamishwa kabla Fazna hajazaliwa, na ufuo wake ni mweupe na kimya hata ukikohoa unaona haya. Latheef, mume wa Fazna, anafanya kazi kisiwa cha hoteli, na kila akipiga simu anasema wageni wanatoa dola nyingi kwa ufuo kama ule, ufuo usio na mtu. Shimla akasema sisi tunao bure, twende. Wakapanda boti na Nawaal, binti wa Fazna, mwenye miaka minne na maneno ya miaka arobaini. Wakachoma jodari. Nawaal alicheza majini mpaka vidole vikakunjamana.

Mtu mwingine angelala kwenye mchanga akafumba macho. Fazna hawezi. Kwenye vichaka vya mikadi kulikuwa na kizingiti cha jiwe la matumbawe, mabaki ya nyumba ya watu, na mbele yake majani makavu ya miaka na miaka. Akachana chelewa, akafunga fagio, akaanza.

"Jamani!" Shimla alisema, mdomo umejaa samaki. "Tumekuja kupumzika. Unamfagilia nani?"

"Macho yangu hayatulii nikiona uchafu mbele ya nyumba."

"Nyumba gani? Hata ukuta haina. Haya, mwenyewe akirudi atakushukuru."

Wakacheka. Fazna alifagia toka kizingitini mpaka maji yanapoishia.

Basi tangu siku hiyo, kila alfajiri uwanja wao ulikutwa safi. Mwanzoni walifurahi, kwa nini wasifurahi? Shimla akawa anatania kwamba wifi yake kapata kijakazi asiyekula wala kulipwa. Halafu Shimla huyohuyo akavunja kikombe cha marehemu mama yake Fazna, kile ambacho hata wageni hawakunyweshwa, akajibana ukutani kungoja kelele. Fazna alivitazama vipande. Akaviokota. Akaendelea kukuna nazi.

Latheef akapiga simu kwamba Idi hatapata ruhusa. Zamani angenuniwa mpaka Idi nyingine.

"Sawa," Fazna alisema.

"Umekasirika?"

"Hapana."

Na ilikuwa kweli. Latheef akauliza kama anaumwa. Haumwi. Ni kama mguu uliokaliwa vibaya ukaingia ganzi, ila yeye ganzi imeingia kifuani, na haichomi.

Mchana mmoja Nawaal aliteleza kwenye kiti cha wavu pale uwanjani, akapasua mdomo. Fazna alimwona toka jikoni. Aliona damu, akasikia kilio, akasimama kungoja moyo ushtuke, anangoja kama mtu anavyongoja birika lichemke. Haukushtuka. Akaweka kisu chini, akaenda kwa kutembea. Alipofika, Nawaal alikuwa kimya, kichwa amekiinamisha pembeni kama paka anayekunwa, na nywele zake zinalala nyuma taratibu, zinainuka, zinalala tena, na mkono hauonekani.

"Mama kanipuliza kidonda," mtoto alisema.

"Mama yupi?"

"Mama wa uwanjani. Wewe hukukimbia."

Siku hiyo Fazna alimvuta Shimla nyuma ya nyumba, akanong'ona. "Wifi, Nawaal nimemzaa mimi, najua. Najua kama ninavyojua maji ya bahari yana chumvi. Lakini moyoni simsikii. Hata kidogo."

Shimla alitaka kutania. Badala yake akamshika wifi yake mkono.

Usiku huo Fazna hakulala, alikaa nyuma ya mlango akichungulia ufa, na giza lilipoanza kuwa kijivu akasikia fwaa, fwaa, fagio bila mfagiaji, akaona mistari inajichora toka mshelisheli kuja mlangoni, mmoja baada ya mwingine, bila haraka, kama mwanamke mwenye siku yote mbele yake, na harufu ya mwani ikaja mbele ya sauti, na sauti ikafika kizingitini akidhani itageuka, isigeuke, ikapanda sakafuni, ikapita chini ya kitanda cha Nawaal, ikazunguka mtungi, ikaja mpaka kwenye vidole vyake vya miguu, na kitu chepesi kama vumbi kikamtoka kikazolewa pamoja na vumbi, na ikatoka nje, na kule nje chini ya mti mwanamke akaanza kubembeleza mtoto, kwa sauti inayotetemeka kwa mapenzi, na sauti ile ilikuwa ya Fazna mwenyewe, kama alivyokuwa siku aliyojifungua.

Hata hofu hakuisikia vizuri. Alijua tu kwamba meno yanagongana.

Shimla ndiye aliyemwita Mzee Alifulhu, bingwa wa fanditha, uganga wa visiwa vile. Mzee alikuja baada ya alasiri, akaandika kombe kwenye sahani nyeupe, akaliosha, akawanywesha wote. Kisha akamgeukia Fazna.

"Mwanangu, ulimfagilia yule wa Fenmeeru?"

"Ndiyo mzee. Sikujua kama kuna mtu."

"Ana adabu huyo, kuliko majirani zako. Umemfanyia kazi, anakufanyia. Ila yeye hazoi majani peke yake, anazoa chochote kilichotapakaa ndani ya nyumba. Na mapenzi ya mama yametapakaa mpaka kwenye sufuria."

"Akishazoa anatupa wapi?" Shimla alinong'ona. "Tukaokote."

"Atupe? Nani anatupa mali? Ameyavaa."

Nje, Nawaal alikuwa anacheka na mti.

"Nikimfukuza atayavua?" Fazna aliuliza.

"Anaondoka nayo. Sitakudanganya ili nipate sifa. Lakini akibaki, humu ndani kimebaki cha kuzolewa kimoja tu, na kina miaka minne. Umemkaribisha wewe. Wa kumwambia aende ni wewe, kwa mdomo wako, umesimama kizingitini."

Mzee akaanza kusoma. Fazna akasimama mlangoni. Chini ya mshelisheli hewa ilikuwa inacheza kama juu ya bati la moto, na Nawaal akajua, watoto hujua, akampa mama yake mgongo, akanyoosha mikono kwenye hewa ile.

"Mama! Usiende! Mama!"

Na toka mtini kikatoka kilio cha kumjibu, kilio cha mzazi anayenyang'anywa mwana, kwa sauti ya Fazna, kila kitu chake kimo mle, uchungu wa kuzaa, usiku wa homa, jina la mtoto linaitwa na kuitwa. Shimla alikaa chini akaziba masikio. "Wifi, ngoja! Ngoja kwanza, wifi, msikie!"

Fazna alimsikia. Aliwaza kwamba mwanamke ambaye bado ana moyo wake asingeweza kulisema neno hili. Yeye aliweza.

"Kazi yako imetosha," alisema. "Nenda kwako."

Mti ukatikisika. Harufu ikakatika. Majani yakaanza kuanguka uwanjani, mengi, kama yalikuwa yamezuiliwa.

Mzee Alifulhu alikunja vitu vyake akaondoka bila kuaga. Shimla alimbeba Nawaal ndani, amelia mpaka ameishiwa. Fazna akawasha moto, akapasha mchuzi wa jodari, akachambua miiba yote kwa uangalifu, akachanganya na wali, akaweka sahani mbele ya mtoto, akakaa.

Nawaal alikula kimya mpaka akamaliza. Akafuta mdomo. Akamtazama Fazna usoni, muda, kama anavyotazamwa mwenyeji wa nyumba ya ugenini.

"Asante," alisema.

"Karibu," Fazna akajibu.