Kikohozi Nyuma ya Mlango

Pale hospitalini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Sikio, na jina likamganda. Kwa miaka kumi na tisa alikaa kwenye chumba kidogo nyuma ya mapokezi, akipokea simu na kuziunganisha. Wodi ya wazazi. Maabara. Duka la dawa. Wengi hawakuwahi kuuona uso wake, lakini sauti yake waliijua.

Sikio aliwajua watu kwa pumzi zao. Kabla mtu hajasema halo, yeye alishajua kama ana haraka, ana hasira au analia. Mumewe, fundi viatu, alipenda kumtania kwamba ndani ya nyumba ile huwezi hata kumeza mate bila kuulizwa kulikoni.

Siku moja, saa nne asubuhi, simu iliingia.

"Hospitali hapa, nikusaidie nini?"

Hakujibiwa. Ilisikika pumzi tu, ya mwanamke, ndefu na ya kutetemeka. Sikio akauliza tena. Pumzi ikakatika kidogo, mithili ya mtu anayetaka kusema. Taa nyingine tatu, za simu zilizongoja, zilikuwa zinawaka kwenye mashine. Sikio hakujua aseme nini, akasema lile alilolizoea: "Subiri kidogo." Aliporudi, simu ilikuwa imekatwa.

Hakujua yule mwanamke ni nani, wala yaliyompata. Hilo ndilo lililomtesa. Tangu siku ile, kila simu ilipokuwa kimya aliisikia ile pumzi. Aliisikia kwenye bomba la maji jikoni. Aliisikia Jumapili mchana, mumewe akiwa amejilaza kwenye kochi, na yeye akageuka haraka kuangalia nani ameingia. Ningekuwa nimesoma, alijiambia, ningejua la kusema.

Basi akakata shauri kusoma saikolojia. Alikuwa na miaka arobaini na nne.

Tangazo alilikuta kwenye nguzo ya taa, karibu na kituo cha basi. Shahada ya saikolojia kwa mwaka mmoja tu. Umri si hoja. Ukimaliza unafungua ofisi yako na kutibu watu. Alhamisi hiyo, baada ya zamu, akaenda.

Chuo kilikuwa ghorofa ya nne ya jengo jipya. Ngazi zilinuka rangi. Korido ilikuwa ndefu na safi kupita kiasi, bila hata kipande cha karatasi chini. Ukutani palibandikwa orodha ya wanafunzi mia mbili, majina yote kwa mwandiko mmoja. Nyuma ya meza alikaa dada aliyevaa nadhifu.

"Karibu tena," akasema.

Sikio hakuwahi kufika pale hata siku moja. Akadhani ulimi wa dada umeteleza, akaketi.

Nyuma ya mlango uliofungwa mwalimu alikuwa akifundisha, kwa sauti nzito ya taratibu. "Na hapo ndipo hofu inapoanzia," alisema. Akakohoa mara mbili. Karatasi ikafunuliwa. Sikio alivutiwa sana. Darasa lilikuwa limetulia hivi kwamba hata kiti hakikulia.

Dada akamweleza taratibu za chuo. Jumatatu alete vyeti vyake halisi, vitatunzwa hapo mpaka amalize masomo. Na kazi aiache kwanza.

"Wenzako wote wameacha," alisema, na tabasamu lake halikuongezeka wala kupungua. "Mwenye kazi huwa anarudi nyuma."

Nyumbani, mumewe alimwona akivua viatu, akakiokota kimoja. Ni mazoea yake; huyo hata msibani hutazama soli za watu. Akaikwangua soli yake kwa ukucha.

"Hii rangi umeikanyaga wapi?"

"Kwenye ngazi za chuo. Kina wanafunzi mia mbili."

"Imebanduka na kukushika wewe. Ngazi inayopandwa na watu kila siku haina rangi ya kubanduka, imeshaisha zamani." Akamtazama. "Hao wanafunzi mia mbili wanapitia wapi, dirishani?"

Sikio akakasirika. Akasema mumewe hataki asome, anaogopa kupitwa. Fundi akakirudisha kiatu chini.

"Nataka usome," akasema. "Ila usome mahali penye watu."

Maneno yale yalimchoma, lakini aliyapuuza. Jumatatu asubuhi alitia kwenye pochi bahasha ya vyeti, na barua ya kuacha kazi ambayo angeipeleka kwa bosi wake mchana. Miaka kumi na tisa ilikuwa kwenye karatasi moja yenye mistari sita.

"Karibu tena," dada akasema.

Sikio akaiweka bahasha ya vyeti mezani. Dada akaweka kiganja juu yake. Na hapo, nyuma ya mlango, ile sauti nzito ikasema, "Na hapo ndipo hofu inapoanzia." Kikafuata kikohozi, mara mbili. Cha kwanza kikavu, cha pili kifupi. Karatasi ikafunuliwa.

Sikio akageuza kichwa. Alikuwa amesikiliza vikohozi vya watu kwa miaka kumi na tisa, vya wagonjwa na vya madaktari. Hajapata kusikia mtu akirudia kikohozi kilekile, mahali palepale, siku nne baadaye.

"Naomba nimsalimie mwalimu," akasema.

"Darasa likianza halifunguliwi."

Sikio akasimama, akausukuma mlango. Ndani kulikuwa na viti vipya vimepangwa safu kwa safu, vyote bado vimevikwa nailoni. Hapakuwa na mtu. Juu ya meza ya mbele palikuwa na redio kubwa nyeusi ya kanda.

"Kuna swali?" redio ikauliza. Ikangoja. Kisha ikasema, "Vizuri sana," ikaendelea.

Alirudi mezani, akaivuta bahasha yake kutoka chini ya kile kiganja. Ilimbidi aivute mara mbili. Ngazi alizishuka mbiombio, na nyuma yake akasikia dada akisema kwa upole uleule, "Karibu tena."

Alifika kazini na bahasha mkononi. Hakwenda kwa bosi. Alikwenda Chumba cha Sita, kwa mwanasaikolojia wa hospitali, mama mwenye mvi ambaye yeye mwenyewe alianza chuo kikuu akiwa na miaka thelathini na tisa na watoto wawili. Sikio akamsimulia yote, hata ya ile pumzi.

"Umeponea chupuchupu," mama akasema. "Haya, mdogo wangu, niambie. Unataka kusoma ili ufanye nini?"

"Nijue la kumwambia mtu anayepiga simu akanyamaza."

"Basi anza hapo. Watu wengi huchagua kozi kwa jina lake. Wewe chagua kwa kazi unayotaka kuifanya." Akamfafanulia taratibu. Daktari wa magonjwa ya akili husomea udaktari kwanza. Saikolojia ni elimu ya akili na tabia za watu. Shahada ya kwanza humfungulia mtu mlango, lakini haimpi ruhusa ya kutibu peke yake. Kwa hilo kuna masomo zaidi, na mazoezi chini ya mtu mwenye uzoefu. "Anayekuahidi utatibu watu baada ya mwaka mmoja, mkimbie."

Sikio akauliza atajuaje chuo cha kweli.

"Nenda kwenye mamlaka inayosimamia vyuo vikuu, uone orodha yao. Angalia chuo, halafu angalia na kozi yenyewe, maana chuo kinaweza kutambuliwa na kozi isitambuliwe. Omba uketi darasani siku moja. Mshike mwanafunzi koridoni, umuulize wanafanya wapi mafunzo kwa vitendo na nani anawasimamia. Vyeti halisi unavionyesha tu, unawaachia nakala. Na kazi usiiache. Uliza kama wana masomo ya jioni, na kama wana mtihani wa kujiunga kwa watu wazima."

Sikio akaichana ile barua palepale, vipande vikaenda kwenye pipa la takataka.

Alitembelea vyuo viwili vilivyokuwa kwenye orodha. Cha kwanza kilikuwa na majengo mazuri, lakini mafunzo kwa vitendo hakuna. Cha pili kilikuwa na ngazi zilizolika katikati, na masomo ya jioni. Fundi viatu alipoziona zile ngazi alitikisa kichwa kwa kuridhika, kana kwamba yeye ndiye mkuu wa chuo. Sikio akasoma miezi mitatu, akafanya mtihani wa kujiunga, akafaulu.

Jioni ya kwanza darasani viti vililia, mtu alichelewa, simu ya mtu ikaita. Mwalimu akakohoa. Sikio akabana pumzi. Mwalimu akasema samahani, akaomba maji, akakohoa tena vingine kabisa. Sikio nusura acheke kwa sauti.

"Kuna swali?" mwalimu akauliza.

Sikio akanyoosha mkono.

Mwaka wa pili wa masomo, saa nne asubuhi, simu iliingia. Hakujibiwa. Ilisikika pumzi tu, ndefu na ya kutetemeka. Taa nne zilikuwa zinawaka kwenye mashine, akaziacha ziwake.

"Nakusikia unavyopumua," akasema. "Sina haraka. Nipo."

Akangoja. Alifundishwa kungoja. Kisha akauliza waziwazi, kwa upole, kama alivyofundishwa: "Dada, unafikiria kujidhuru?"

"Ndiyo," sauti ikasema. Halafu, baada ya muda: "Nilishapiga hapo zamani. Uliniambia nisubiri kidogo."

Machozi yalimlengalenga Sikio, lakini sauti yake haikuyumba.

"Najua. Nilikosea, na sijakusahau. Leo hutasubiri. Kuna mama hapa, mwanasaikolojia wa Chumba cha Sita. Nakuunganisha naye, na mimi sitoki mpaka uisikie sauti yake."

Akaunganisha. Akabaki akisikiliza mpaka sauti zikawa mbili, zikaanza kuongea. Ndipo akapokea simu ya pili.