Kilomita Tisa za Mama

Namba ilikuwa imezidi moja. Ndivyo balaa lilivyoanza, kwa namba moja kwenye dashibodi ya gari lisilotembea.

Mume alikuwa amerudi kazini saa tisa na robo alasiri, akaingia gereji, akalifunua gari lake na kuinama dirishani kusoma mita, kama afanyavyo kila siku. Kwa miaka kumi na moja ilikuwa ikisoma 9,412. Leo ilisoma 9,413.

"Nani kaliendesha gari langu?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Mkewe alikuwa mlangoni na kapu la nguo zilizokauka. "Ufunguo uko shingoni mwako," akamjibu. "Jiulize mwenyewe."

Alimjibu hivyo kwa sababu hasira ilikuwa imemjaa hadi kooni, wala haikuwa hasira ya siku ile.

Majirani walimwita mumewe Bwana Kilomita, naye aliona ni sifa. Gari lenyewe lilikuwa la spoti, la zamani, la kijani, lenye viti viwili tu. Ukimpa nafasi angekuhubiria hadi chai ipoe: gari la umri ule likiwa limetembea kilomita laki mbili ni chuma chakavu, likiwa na elfu tisa ni hazina, na kila kilomita unayoiongeza unainyofoa bei kwa mkono wako mwenyewe. Basi halikutembea. Kila Ijumaa aliliwasha palepale lilipo, akakanyaga mafuta likanguruma, akalizima, akalifunika. Mkewe hakuwahi kulikalia hata kwenda dukani. Sijui hiyo ni raha gani, ya mtu na kitambaa cha kufutia vumbi.

Wiki tatu kabla ya namba ile kuzidi, siku ya Jumapili, pumu ilimbana mama wa mke. Gari la kila siku lilikuwa kwa fundi, injini imeshushwa, na hospitali iko kilomita tisa. Mama alikaa ukingoni mwa kitanda katika chumba chake cha uani, kifua kikipiga filimbi, chumba kizima kikinuka dawa yake ya kuchua, akasema, "Mwanangu, nipeleke."

Mke alimwendea mumewe, akampigia magoti. Mume akapiga hesabu. "Kwenda na kurudi ni kumi na nane," akasema. "Teksi inakuja."

Teksi ilichukua dakika arobaini. Saa tisa kamili mama alikuwa ameshakata roho. Na kilichomtafuna mke usiku na mchana si maneno ya mumewe peke yake. Ni kwamba ufunguo ulikuwa shingoni palepale mbele ya macho yake, angeweza kuukwapua, na hakuukwapua.

Siku ya pili mita ilisoma 9,414. Mume akabadilisha kufuli. Siku ya tatu ilisoma 9,415, na gereji ikaanza kunuka dawa ya kuchua. Siku ya nne akaomba ruhusa kazini, akaketi kwenye kigoda mbele ya gari, amekunja mikono, anasubiri mwizi. Mke alisimama nyuma yake.

Saa tisa ilipogonga, turubai lililofunika gari lilituna taratibu, likanywea, likatuna tena, kama kifua cha mtu anayepanda ngazi, na ndani yake ikasikika filimbi nyembamba, ikivuta, ikikatika, ikivuta tena, na magurudumu hayakuzunguka hata kidogo lakini mpira wake ulianza kunuka moto, na chini ya filimbi ile kulikuwa na kicheko, kidogo, cha raha, kicheko cha mtu aliyefungiwa ndani siku nyingi na leo katolewa matembezini, hadi mita ikalia tik, na kila kitu kikatulia.

"Umesikia?" mume alinong'ona.

"Nimesikia."

"Ni injini inapoa," akasema, na jasho linamtiririka. Injini haikuwa imewashwa.

Siku ya sita magurudumu yalikuwa na tope jekundu. Mke alilishika, akalisugua kati ya vidole. Tope kama lile liko mahali pamoja tu, kwenye daraja linalokarabatiwa, kilomita ya sita njia ya hospitali. Alikaa chini sakafuni, machozi yakamtoka. Mama yake alikuwa njiani. Alikuwa anakwenda mwenyewe, kilomita moja kwa siku, na zilikuwa zimebaki tatu.

Asubuhi ya siku ya nane, mita ikisoma 9,419, mke alimleta mganga, mama mmoja mfupi asiye na maneno mengi. Mganga alilizunguka gari mara moja, akaweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa haraka.

"Humu mna mwenyewe," alisema. "Kitu kikikaa bure miaka yote hii, hakikosi mpangaji. Na huyu jini mmemfanyia ubaya. Kila Ijumaa unamwashia gari, anajiandaa kwa safari, unamzimia. Mama aliomba kupelekwa, wewe bwana ukatia pamba masikioni. Huyu wa garini alisikia."

"Anambeba mama yangu?" mke aliuliza.

"Anambeba, mwanangu, lakini anajikokota. Mwacheni amfikishe, au lipelekeni gari nyinyi wenyewe. Mama akifika atashuka, apumzike. Huyo mwingine tutambembeleza ashuke naye."

"Mnunuzi wa gari anakuja leo jioni," mume akasema. "Nilimwambia mita inasoma elfu tisa mia nne na kumi na mbili. Mimi si mwongo."

Mganga alimtazama, akafunga mkoba wake. "Usiziguse hizo namba," akasema, akaondoka.

Saa sita mchana mume alimleta fundi wa mita. Mke alisimama mlangoni, akasema taratibu, neno moja moja, "Mume wangu, nakuomba kwa mara ya pili maishani mwangu. Zimebaki kilomita mbili."

"Mama mkwe keshazikwa," mume akajibu. "Hana haja ya gari."

Akauvua ufunguo shingoni; fundi akautia, akakagua huku na huku, akaguna. "Bosi, mipira imekauka, imepasuka. Hili limezeekea hapahapa kwa kukaa. Ungelitembeza lingekuwa zima."

"Nimekuita kwa ajili ya mita."

Fundi akafungua dashibodi kwa bisibisi, akaanza kuvirudisha vigurudumu vya namba kwa ncha ya kidole. Kumi na nane. Kumi na saba. Kila namba iliporudi, harufu ya dawa ya kuchua ilizidi kuwa kali. Alipofika kumi na mbili, chumba cha uani kikakohoa.

Kilikuwa chumba kitupu, godoro limekunjwa. Kikakohoa tena. Kisha ikaja ile filimbi, pana, ya kifua kizima, na sauti ambayo mke angeitambua hata kaburini. "Mwanangu, nipeleke."

Fundi aliacha bisibisi, akatoka mbio. Mume naye akamfuata barabarani, akimwita arudi afunge dashibodi, kwa maana mnunuzi angeiona.

Mke alibaki gerejini. Yule mwanamume alikuwa amemtoa mama yake kilomita saba za njia na kumrudisha kitandani akaanze kufa upya. Alitazama ndani ya gari. Ufunguo ulikuwa mahali pake, unaning'inia na kamba yake ya shingoni.

Safari hii aliukamata. Aliketi, akawasha, gari likanguruma. "Mama, njoo," alisema. Filimbi ikatoka chumbani, ikapita ukumbini, ikaingia gereji. Mlango wa abiria ukafunguka wenyewe, kiti kikabonyea.

Getini mume alisimama, mikono ameitanua. Alipoona gari halisimami aliruka pembeni, akaufungua mlango wa abiria, akajitupa kitini ili aukwapue usukani. Hakuona kwamba kiti kina mtu.

Mikono yake haikufika kwenye usukani. Ilirudi kifuani. Alifumbua mdomo, na filimbi ya mama mkwe ikatokea humo, midomo ikawa ya kijivu, macho yamemtoka pima, na mke hakusimama, akapita kituo cha mafuta, akapita soko, akapita daraja na tope lake jekundu, gari likichanganya mwendo na kuchanganya chini ya miguu yake kana kwamba limezaliwa leo, na katikati ya hasira yake akaona raha, raha tupu ya barabara, akaelewa ni nini walichonyimwa wote wanne, yeye, mama, jini na gari lenyewe.

Kwenye geti la hospitali mita ililia tik. 9,421. Hakuna aliyeufungua mlango, ila upepo ulipita usoni mwa mke, ukamgusa shavu, na harufu ya dawa ikaisha. Mama alikuwa ameshuka.

Mume akavuta pumzi ndefu. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Zimefika ngapi?"

Mke alisimamisha gari. Alizima injini.

Filimbi ikarudi. Mume alishika koo, akajikunja, akapiga dashibodi kwa kiganja. Na chini ya filimbi yake, ndani kabisa ya kifua chake, kulikuwa na kicheko kidogo cha raha. Mke akaelewa. Mama ameshuka, aliyembeba hajashuka. Alikuwa amepata nyumba nzuri zaidi.

Akawasha gari, akalisogeza. Magurudumu yalipozunguka, mume akapumua. Akakanyaga breki, pumzi ikakatika.

Basi akasimama hapohapo getini, mguu juu ya breki, akamgeukia mumewe aliyekuwa akimkodolea macho ya kuomba, midomo ikigeuka kijivu.

"Kwenda na kurudi ni kumi na nane," alimwambia. "Niongeze kilomita, au tusubiri teksi?"