Kipimo cha Askari

Enzi zile misafara ya pembe ilipokuwa ikikatiza nchi ya Ubungwe, boma la Itumbika lilizingirwa na majeshi ya Kasonso kiangazi kizima. Nyuma ya ukuta wa magogo na miiba, homa iliua watu wengi kuliko mishale. Ndipo lilipovuma jina la Msabila, mganga wa vita. Alichemsha mzizi mchungu, akampa kila askari kibuyu kizima. Waliokuwa wakitetemeka mikekani wakarudi ukutani na mikuki yao. Mtemi akamvika ngozi ya chui, naye akazoea kusifiwa.

Homa ikaingia nyumbani kwa Nyamizi, dada yake mtemi, ikamshika bintiye Kabula, mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza anang'oka meno ya utoto.

"Mganga, huyu ni mdogo," Nyamizi alisema alipokiona kibuyu. "Huwezi kumpunguzia?"

Askari waliokuwa mlangoni walisikia. Msabila akajikaza. "Homa haiulizi umri, bibi. Dawa iliyomwinua simba haitamshinda mwanawe."

Mtoto akanywa yote. Punde akatapika, macho yakapinduka, pumzi ikawa ya kutafuta. Hakufa. Lakini alipoamka hakuitika alipoitwa. Mama yake akapiga ngoma karibu na kichwa chake. Kabula akaendelea kuchezea shanga zake.

Watu wakasema ni uchawi, na lawama ikamwangukia Sengi, mwanamke mzee, mateka kutoka upande wa adui, aliyempikia mtoto uji. Mtemi akauliza barazani: "Msabila, ni dawa yako, au ni mkono wa mtu?"

Msabila alijua. Lakini wazee wote walikuwa wakimtazama. "Dawa yangu haina kosa," alisema, akainamisha macho. Sengi akafungwa kamba, akingoja hukumu ya kifo.

Mganga alirudi kwenye chungu chake, na hapo akamkuta mwanamke mjamzito, anatetemeka kwa homa.

"Nipe kama ulivyowapa askari," alisema.

Msabila akajaza kibuyu, akalitazama tumbo la yule mama, akasita. Akimpa, huenda akaua wawili. Akimnyima, itambidi aseme kwa nini. Akaimwaga dawa chini, akarudi barazani huku uso ukimwaka.

"Mtemi, mfungueni Sengi. Mzizi ni uleule. Kosa ni kipimo, na kipimo ni changu. Mtoto si askari aliyefupishwa. Mama yake alinionya, nami nikaona haya kuonywa na mwanamke mbele ya askari. Kisha nikakaa kimya, mwingine afe kwa ajili yangu."

Nyamizi akajifunika uso kwa kaniki.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," mtemi alisema hatimaye. "Vua ngozi hiyo. Adui akiondoka, nawe utaondoka. Hadi hapo, watibu watu wangu."

Akatibu, bila ngozi na bila sifa. Watoto akawapimia kwa kifuu, kila mmoja kwa kadiri ya mwili wake, akikaa nao hadi aone dawa imefanya nini. Wazee akawapa nusu, kwa kuwa miili yao ilichelewa kuitoa. Wajawazito hakuwapa mzizi kabisa; aliwakanda kwa maji na kuwanywesha uji mwepesi. Homa ikapungua. Mvua za kwanza ziliponyesha, askari wa Itumbika walifungua lango, wakamfukuza Kasonso hadi ng'ambo ya mto.

Wakati wa ngoma za ushindi, Msabila alifunga mzigo wake. Langoni alimkuta Nyamizi amemshika mwanawe mkono. Nyamizi alisogea kando tu, akamwacha mtoto mbele.

Msabila akapiga magoti. "Nisamehe, mwanangu," alisema. "Nilikukosea."

Kabula aliitazama kwa makini midomo yake ikicheza. Kisha akamtabasamia, kama mtoto anavyomtabasamia mgeni anayesema lugha asiyoielewa.