Viti vya Pittsburgh

— Ngoja jua literemke kidogo, mke wangu. Lile daraja la manjano litawaka kama dhahabu!

Rosalind aliacha kutafuna soseji yake.

Ndiyo kwanza walikuwa wameketi kwenye uwanja wa besiboli wa Pittsburgh, yeye na Emmett, mumewe waliyeoana miaka tisa iliyopita. Walikuwa barabarani tangu alfajiri, kutoka Chicago. Kila kiangazi walikwenda kuona uwanja mmoja mpya na kuulinganisha na wa nyumbani. Sharti lao lilikuwa moja tu: hakuna kuingia uwanja mpya bila mwenzako.

— Umejuaje kwamba litawaka?

— Si nimeona kwenye televisheni!

Emmett alicheka kicheko kikavu, akabadilisha mada haraka.

— Haya, toa hukumu. Hapa na kwetu?

— Kwetu ukuta wa uwanja umevaa majani, watu wamebanana kama ndugu. Boston kuna kelele za kupasua masikio. Hapa pazuri kama picha, ila pamepoa.

— Pamepoa? Subiri mchezo ukolee! Siku ile tulivyokaa kule juu, watu waliimba mpaka...

Akaziba mdomo kwa kiganja. Alikuwa amechelewa.

— Tulivyokaa, Emmett? Wewe na nani?

Uwanja mzima ukalipuka kwa shangwe, mpira umepigwa mpaka mtoni nje ya uwanja. Wao wawili tu hawakuinuka.

— Roz, watu wanasikia.

— Wasikie. Mwezi wa tano uliniaga unakwenda Cleveland, mkutano wa kazi. Lete simu.

Emmett aliitoa mfukoni, akampa. Ujumbe ulikuwa umeingia dakika chache tu zilizopita:

"Umemkalisha upande gani? Usimpeleke kwenye viti vyetu. Colleen."

Colleen wa ofisini kwa Emmett! Colleen aliyekula Krismasi mezani kwa Rosalind, akasifia mpaka mchuzi!

— Ilikuwa mara moja tu, naapa.

— Mara moja haina "viti vyetu", bwana.

— Nisamehe, mke wangu. Shetani tu.

— Shetani hakukata tiketi. Ungemficha hotelini, ningelia, pengine ningesamehe. Lakini siku tuliyomzika mama ulinishika mkono ukaniambia, "Nitakupeleka Pittsburgh, utacheka tena." Miaka miwili naingoja safari hii. Ukamleta yeye kwanza!

Machozi yalimtoka Emmett bila kificho.

— Twende nyumbani tukaongee.

— Tangulia. Funguo za gari ninazo mimi. Kituo cha basi kiko ng'ambo ya mto.

— Lakini mchezo haujafika hata nusu!

— Ndiyo. Nitautazama wote.

Emmett alisimama, akangoja aitwe. Hakuitwa. Alipotoweka kwenye ngazi, ndipo Rosalind alipofunika uso kwa viganja akalia, huku mashabiki wakiruka pande zote. Kisha akajifuta, akampigia dada yake.

— Gwen, kesho una nafasi? Njoo unisaidie kufungasha nguo.

— Makubwa! Unahama?

— Sihami. Ni za Emmett.