Chupa Kumi za Somoe

Mkasa huu uligharimu chupa ishirini za dawa, hereni za dhahabu za bibi yake mtu, ndoa moja na ushoga wa miaka saba. Nimejumlisha mara mbili, maana ndiyo tabia yangu, na mara zote mbili nimekuta kwamba karibu bei yote aliilipa mwenzangu. Mimi nilipata faida. Nina mtoto wa kike.

Umri wangu ni miaka arobaini na sita. Nauza vitenge na khanga Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Nilianza na meza moja barazani, zama zile za ruksa, mizigo ilipoanza kumiminika kutoka Dubai na kila mwenye baraza akawa mfanyabiashara. Sijawahi kununua kitu kwa bei ya kwanza. Hata mahari yangu, niliposikia wazee wamekubaliana, nilimtuma shangazi arudi akaongeze.

Nayasema haya, wasomaji wenzangu, ili mjue aliyefanya mambo haya ni mtu wa namna gani.

Nilipokuwa na miaka thelathini na nne nilikuwa na mume mwema, Kasimu, karani wa bandarini, na miaka tisa ya ndoa bila mtoto. Wateja waliniita Mama Vitenge, kwa kuwa hawakuwa na jina jingine la kunipa. Nilicheka nao. Ningefanyaje?

Chumba kilichotazamana na changu alipanga Somoe, mtu wa Lindi, mdogo kwangu kwa miaka mitatu. Kila alfajiri alikwenda Feri kwenye mnada wa samaki, adhuhuri ameshakaanga, jioni beseni tupu. Naye hakuwa na mtoto. Miaka saba... Mama mkwe wake alikuwa ametuma salamu kwamba Mfungo ukiisha atakuja Dar pamoja na binti aliyemchagulia mwanawe. Bakari, mume wa Somoe, fundi cherehani, hakusema ndiyo wala hapana.

"Mume wangu ni mizani mbovu, shoga," Somoe aliniambia. "Mshale unatikisika tu katikati."

Tukaenda kwa daktari pamoja, mwanamke wa makamo mwenye kliniki yake binafsi. Waume tuliwaburuza wakapimwa, wakaonekana wazima. Tatizo letu sisi lilikuwa moja: mayai yalianza kukua, yakaishia njiani. Daktari akatueleza habari ya dawa mpya ya sindano. Mwili wa mwanamke, alisema, una protini yake inayoyaamsha mayai yakomae. Zamani waliichuja kwenye mkojo wa wanawake waliokoma hedhi. Siku hizi inatengenezwa maabara. Wataalamu wamezifundisha seli za mnyama mdogo wa jamii ya panya kutoa protini ile ile ya binadamu.

"Kwa hiyo kati ya mkojo na panya," Somoe akasema, "sisi tumepewa panya."

"Panya hayumo ndani," daktari akajibu huku anaandika. "Panya ni fundi tu."

"Afadhali. Fundi niliye naye nyumbani hajanitolea kitu miaka saba."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Akatuandikia sindano kumi kila mmoja, moja kila siku, kuanzia siku ya tatu ya hedhi.

Dawa yenyewe aliweza kuiagiza Mzee Jayanti, Mhindi mwenye duka la dawa si mbali na kwetu, aliyeishi na familia yake ghorofani juu ya duka. Nilimwamkia, nikakaa, nikaanza kazi yangu. Nikasifu duka, nikalalamikia hali ya soko, nikajifanya ninaondoka. Mzee yule alinitazama kwa upole.

"Dada, hii si kitenge. Haina bei ya mwisho. Ina bei."

Na boksi lake lilikuwa na chupa ishirini, halivunjwi. Hilo halikunitisha. Sisi watu wa Kariakoo tumezoea kununua kwa jumla na kugawana; robota moja huvunjwa na watu wanne na kila mmoja akaenda zake na fungu lake. Nikatoa nusu, Somoe akauza hereni za bibi yake akatoa nusu. Dawa ikachukua wiki sita kuja kwa ndege.

Siku ya kuichukua Mzee Jayanti alizihesabu chupa mbele yetu. Nami nikazihesabu, kisha nikarudia. Akatuonya. Ziwekwe kwenye friji la kawaida. Zikiganda, zimekufa. Zikikaa siku nzima kwenye joto hili la Dar, zimekufa pia.

"Na zikifa hazibadiliki rangi," alisema. "Wewe utaona maji tu. Mgao wa umeme mnaujua. Ziacheni hapa, mimi nina jenereta. Kila siku mje mchukue moja moja. Mtanilipa kidogo tu, kama bei ya soda."

Somoe alinivuta mkono. "Shoga, tulipe tu."

Mimi nina friji chumbani, nilimjibu. Nilipie kulaza changu kwa watu? Na siku za mgao mtaani kwetu nilikuwa nimeshazihesabu, ni saa chache tu, friji likifungwa vizuri halipotezi baridi. Somoe akakubali. Alisema mimi ndiye mwenye akili ya biashara...

Hedhi yangu ilitangulia. Nesi mstaafu wa mtaani alinichoma sindano ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Siku hiyo ya nne Somoe akaletewa habari kwamba mjomba wake amefariki Lindi. Zamu yake ya kuanza ilikuwa bado wiki moja. Alifunga kimfuko chake, akasimama mlangoni kwangu.

"Zangu ni zako. Zitazame."

Asubuhi iliyofuata transfoma ya mtaa ikalipuka. Haukuwa mgao, mgao nilikuwa nimeuhesabu. Mafundi walikuja, wakatazama juu, wakaondoka.

Nilikuwa na chupa moja ya chai ya mdomo mpana. Nikatafuta barafu, nikaifunga kitambaa isigusane na dawa. Ndani kulikuwa na nafasi ya chupa sita. Zangu zilizobaki zilikuwa sita. Zikaingia.

Zile kumi za Somoe zilibaki kwenye friji. Nikalifunga mlango kwa khanga mtu asifungue. Nikajiambia umeme utarudi adhuhuri.

Kutoka mlangoni kwangu hadi kwa Mzee Jayanti ni dakika kumi kwa miguu. Kwa nini sikuzibeba nikampelekea? Mpaka leo najiuliza. Nilimwona akilini, amesimama mbele ya jenereta lake, ananitazama kwa upole ule ule. Nikaona kwenda pale ni kukiri kwamba bei ya soda ilikuwa bei halali. Nikaenda dukani, nikauza vitenge.

Umeme haukurudi adhuhuri. Haukurudi kesho yake. Siku ya pili jioni nilifungua friji nikazishika zile chupa. Zilikuwa vuguvugu, kama chai iliyosahauliwa mezani. Nikafunga tena, taratibu, kana kwamba kuna mgonjwa ndani.

Siku ya tatu alasiri taa ikawaka. Baada ya saa chache chupa za Somoe zilikuwa baridi tena, safi, maji meupe. Ungezipanga pamoja na zangu usingejua zipi ni zipi. Mimi tu ndiye niliyejua.

Somoe alirudi kesho yake, ameniletea korosho. Hata hajaketi aliuliza. "Nasikia umeme ulikatika. Dawa je?"

Nilimjibu, "Nilizitia barafu."

Sikusema zipi. Hayo ndiyo maneno matatu yanayoniua... hapana, ni mawili tu. Nimeyahesabu leo.

Ningemwambia nini? Zangu zilikuwa zimebaki mbili. Agizo jipya lilitaka wiki sita, na Mfungo ulikuwa karibu kuanza. Fedha ya kumlipa nilikuwa nayo, muda wa kumpa sikuwa nao. Niliogopa uso wake. Nikatoa chupa kumi, nikazihesabu mikononi mwake, kisha nikarudia, ili aone zimetimia.

Siku kumi nilikwenda naye kwa nesi. Nilimshika mkono. Kila sindano ilipoingia alinong'ona, "Panya, amka," nesi akacheka, nami nikacheka. Mnaweza kunielewa? Mimi sijielewi.

Kwangu yai moja lilikomaa, na mwezi uliofuata nikaonekana nina mimba. Somoe alipopigwa picha ya tumbo hakukuwa na kitu. Daktari akamwuliza kama dawa ilihifadhiwa vizuri. Nilikuwa nimekaa pale pale. Nilifungua mdomo.

"Ilikaa kwa huyu, daktari," Somoe akawahi. "Kwake hakiharibiki kitu."

Nikaufunga mdomo.

Daktari akasema basi mwili wake haukuitikia dawa. Njia nzima, katikati ya watu na mikokoteni ya Msimbazi, Somoe alilirudia neno lile kwa sauti ndogo: haukuitikia, haukuitikia. Mfungo ukaisha, mama mkwe akaja na binti yake. Somoe hakutaka kugawana mume. Aliomba talaka, Bakari akaiandika, mizani hatimaye ikalala upande mmoja. Wiki zote hizo, pamoja na hayo yaliyomkuta, aliniletea supu ya samaki kwa ajili ya mimba yangu. Nami niliinywa.

Siku ya kuondoka alinikumbatia, akanikataza kulia. Alisema hakuna wa kulaumiwa, mwili wake ndio uliokataa. Hakuolewa tena. Alimlea Rehema, binti wa dada yake, na kila Idi hunitumia korosho.

Huenda dawa ile ingegoma hata ingekuwa baridi. Hesabu hiyo nimeifanya sana. Mara haitoki, mara inatoka kwa namna ninayoitaka, na ikitoka hivyo ndipo ninapoitilia shaka zaidi.

Ningeendelea kunyamaza, kama Rehema asingekuja dukani kwangu mwezi uliopita. Ana miaka ishirini na mbili sasa, ameolewa, hana mtoto. Aliniamkia, akakaa, akaniambia daktari wa hapa Dar amemkuta na tatizo lile lile na amemshauri sindano zile zile. Amekataa.

"Mama mdogo alimaliza chupa kumi, mwili ukakataa," alisema. "Damu yetu ni moja, mama. Nikatupe fedha baharini?"

Nikamwambia ajaribu tu. Nikamwambia nitamlipia nusu. Hata pale, wasomaji, nilisema nusu.

Rehema alicheka. "Unanipunguzia bei ya kitu kisichofanya kazi?"

Akanunua vitenge, akaniachia nimpelekee fundi vishonwe, atavipitia baada ya Idi akirudi kwao. Mumewe ameshaanza kuzungumza na wazee. Mwanangu, mwenye miaka kumi na moja, ndiye aliyempimia kitambaa, na Rehema alimpapasa kichwa akasema mama mdogo humwulizia kila mara.

Ndugu zangu, chako na cha mwenzako vikiwa mahali pamoja na moto ukawaka, anza na cha mwenzako. Ukishindwa, mwambie siku ile ile, hata kama uso wake utakuua. Siku ile ningepoteza shoga mmoja. Sasa uongo wangu umemfikia mtu ambaye alikuwa mtoto mdogo Lindi wakati ninausema.

Nawaombeni ushauri. Nikimwambia Rehema, Somoe atayasikia kwa mtoto aliyemlea mwenyewe. Nikimfuata Somoe Lindi kwanza, huenda akanifungia mlango, na Rehema akaachwa na neno lile la damu yetu ni moja. Nani anastahili kusikia kwanza? Na nikishasema, nimlipe nini mtu niliyemnyima jambo lisilo na bei?

Tafadhali msiniandikie ninyamaze. Hilo nimelijaribu miaka kumi na miwili.